Karibu Aliyoitoa Sumaya

Tangazo la kwanza kukwama lilikuwa la mazishi ya mzee mmoja wa Kasenga. Sumaya aliliandika jioni kwenye blogu yake ya matangazo ya Uvira, akalipanga litoke lenyewe alfajiri, akalala. Alfajiri halikutoka. Mdogo wa marehemu alishuka kutoka Lemera akakuta kaburi limeshafunikwa, akaja mlangoni kwa Sumaya kulia kwa hasira. Jamani, kuna aibu inayopita hiyo?

Sumaya akamwita Hyacinthe, fundi wa kompyuta. Hyacinthe akasoma maandishi mekundu kwenye kioo: planification manquée, muda umepita.

"Mama Dalila, hii blogu iko inalala," akamwambia Sumaya. "Haiangalii saa yenyewe. Inaamka tu muntu akiingia kusoma. Alfajiri hakuna anayepiga hodi, basi tangazo linabaki ndani."

"Sasa minye nifanye nini?"

"Ningoje kesho, nitaweka kitu cha kuiamsha."

Kesho yake umeme ulikatika mtaa mzima, Hyacinthe hakuja. Uliporudi, magharibi inaingia, Sumaya alikuwa ameinamia kompyuta yake, tangazo jipya la msiba liko mbele yake, mlango ukagongwa.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamume, taratibu.

Bila kugeuza kichwa, akajibu kama tunavyojibu sote: "Karibu."

Hakuingia mtu. Pazia la mlango lilijaa upepo, likatulia, na chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Sumaya akadhani jirani amezima jiko.

Tangu hapo matangazo yakawa yanatoka kwa wakati, bila kuchelewa hata kidogo. Alipofika Hyacinthe hakugusa kitu. Alitazama hesabu ya wasomaji, akakunja uso.

"Kila alfajiri iko anaingia muntu mumoja," akanong'ona. "Hesabu haionyeshi inchi anayotoka wala simu yake. Mama Dalila, ni nani huyu?"

Akafunga mfuko wake akaondoka, chai hakuionja.

Ndipo Dalila, binti wa pekee wa Sumaya, akaacha kula. "Mugeni amekula yangu," alisema, akisukuma sahani. "Iko anasema weye ulimukaribisha, lakini haukumupa pa kukaa." Mtoto akakonda, viganja vikawa vya baridi mchana kweupe, na kila Sumaya alipomkumbatia alisikia ndani ya kifua kile kidogo pumzi mbili, moja ya mtoto, na nyingine nzito, inayochelewa kidogo nyuma yake, inayonuka majivu, na akajua kwamba mwanawe anamtoka mikononi.

Akaletwa maalim Asani. Alisimama katikati ya chumba, akanusa, akashusha sauti.

"Nani alimukaribisha?"

"Ni minye, maalim. Sikumuona."

"Basi si mimi wa kumufukuza. Mugeni aliyekaribishwa anasindikizwa na mwenyeji wake. Utembee naye mpaka ziwani, Kalundu. Usigeuke, usirudi, mpaka akuage kwa kinywa chake. Mutoto abaki ndani, mulango ufungwe."

Sumaya akafunga kufuli, akatoka jua likiwaka. Nyuma yake zikaanza nyayo za miguu peku, zenye majimaji. Pikipiki zilipita, watu walimsalimia, naye aliitikia akitabasamu kwa tabu, na wallahi hakuna aliyejua anatembea na nani, wala aliyeona jinsi ile pumzi ilivyokuwa ikipepea ncha ya mtandio wake, ikisogea, ikisogea, mpaka shingo yake yote ikafa ganzi.

Maboti ya Kalundu yalipoonekana, nyayo zikakoma. Harufu ikakatika. Sumaya akasimama, akatega sikio. Alisikia wapagazi wakigombana, basi. Hakuagwa. Alijua vizuri kwamba hakuagwa. Lakini alimwona Dalila moyoni, peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, na uchungu wa mama ukamshinda. Akageuka akakimbia.

Nyumbani kufuli lilikuwa palepale. Ufunguo ulimponyoka, ukaanguka mchangani. Akaegemeza paji la uso mlangoni.

"Hodi," akaita kwa sauti ya chini. "Hodi, Dalila. Ni mama."

Ndani mtu akakohoa, taratibu. Kutoka chini ya mlango ikaja harufu ya majivu.

"Karibu, mugeni," ikajibu ile sauti ya mwanamume. "Mutoto amelala."