Zamu ya Mtaa wa Juu

Jumamosi asubuhi, Kijiti alikuwa akisugua sufuria uani pale mwanamke asiyemfahamu alipobisha hodi na kuingia, amevaa buti na kushika chuma kirefu chembamba. Alisalimia, akasimamisha chuma juu ya bomba, akatega sikio kwenye ncha yake.

Mama, aliyekuwa akijiandaa kwenda sokoni kushona, alishindwa kujizuia. "Mgonjwa wetu anaendeleaje, daktari?"

"Huyu mzima, dada. Anayeumwa yuko mtaa wa juu."

Alikuwa fundi wa idara ya maji ya jiji. Alieleza kwamba mvua zimechelewa na bwawa limeshuka hadi robo, ndiyo maana jiji linagawa maji kwa zamu. Mtaa wao ulipata Jumatano na Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri. Ukishajaza mapipa yake, maji hupanda mtaa wa juu, mlimani. Lakini kwa wiki tatu hayajapanda hata tone. Zahanati ya huko sasa inawaambia wajawazito waje na maji yao wenyewe. Yeye alikuwa akisikiliza mabomba kwa chuma kile, akitafuta lililopasuka.

"Sijaliona," alisema. "Nimeona tu nyasi za kijani kwenye mfereji nyuma ya ukuta wenu. Ukame huu, nani anazinywesha?"

Mama alimtazama binti yake. Kijiti aliacha kusugua. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini aliwafikiria wale wajawazito wakipanda mlima na ndoo.

"Ni mimi," alisema. Alisimulia jinsi anavyofungua koki kabla ya zamu, anatumbukiza mpira wa maji kwenye pipa, kisha anakimbilia uwanjani kucheza mpira wa pete. Akirudi hukuta pipa limefurika.

"Kumbe una mipira miwili," fundi alisema, "na wa pili ndio unaopendwa."

Kijiti alicheka huku amejiinamia. Fundi hakumgombeza. Alisema nyumba nyingi za mtaa ule hufanya vivyo hivyo, naye atazipitia zote, ila Kijiti ndiye wa kwanza kukiri. Aliomba jambo moja: leo akae karibu na koki, na pipa likijaa tu, afunge.

Leo, saa hizo hizo, ilikuwa fainali, na Kijiti ndiye mfungaji wa timu. Hata hivyo alisema, "Nitakaa. Naahidi."

Saa kumi ilifika, maji hayakufika. Nahodha wa timu alichungulia getini, jasho likimtiririka.

"Unalinda bomba kavu? Acha wazi, twende. Pipa halina miguu."

"Maji yanayo. Yakifurika yanakwenda mferejini."

Nahodha alimwita bibi kizee na kuondoka akibamiza geti. Kijiti alisikia shangwe uwanjani, akasimama, akakaa tena. Karibu saa kumi na moja bomba lilikohoa, likatema kutu, kisha maji yakaanza kuja, membamba kama uzi. Pipa lilikuwa bado nusu filimbi ya mwisho ilipolia. Mtoto wa jirani alipita akitangaza kwamba timu yao imefungwa kwa tofauti ya mabao mawili. Kijiti alilia kidogo, bila kuondoka.

Mama alirudi na kumkuta bado ameshika ukingo wa pipa. Muda si mrefu fundi naye akateremka kutoka mlimani, buti zimelowa. Nyumba nyingi zilikuwa zimefunga, alisema, na maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye tangi la zahanati.

"Jiji linaweza kupanga zamu mpaka karatasi ziishe," alisema. "Lakini kila koki iko mkononi mwa aliye karibu nayo. Yeye akiwa mwaminifu, hata asiyemjua hunywa."

Maji yalikuwa yamefika vidole viwili chini ya ukingo. Kijiti alijifuta machozi kwa mkono, akasubiri, kisha akafunga koki.