Kitambaa Kilichogeuka Chekundu

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Bibi Anna aliisikia sauti hiyo kabla ya adhana ya alfajiri. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Kwa wiki sita sasa, siku yake ilianza hivyo. Alimfunika vizuri mtoto mchanga aliyelala ubavuni pake. Kisha akatoka uani taratibu.

Mjukuu wake, Witness, alikuwa amechuchumaa karibu na karo. Alishika gunzi la mahindi, akijisugua viganja. Hapakuwa na maji wala sabuni. Lilikuwepo gunzi kavu tu, na ngozi ya mtoto wa miaka tisa.

"Mke mwenzangu," Bibi Anna alimwita. Ndivyo alivyomtania tangu akiwa mdogo. "Umeniachia mume wetu peke yangu, naye amenikojolea."

Zamani Witness angecheka. Safari hii hakuinua hata kichwa.

"Bado ipo, bibi."

"Nini?"

"Damu."

Bibi Anna alivishika viganja vile. Aliona michubuko tu. Alitaka kusema neno la kumfariji, lakini hakulipata. Maana na yeye aliiona damu ile. Aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Tumaini, mama yake Witness, alikuwa binti wa pekee wa Bibi Anna. Kwao ni Mbinga. Aliolewa na Gaudensi, wakahamia Mtwara kwa sababu ya kazi ya bandarini. Walipanga nyumba Mtawanya. Jioni moja Tumaini alikuwa akipika samaki, na uchungu wa uzazi ukamshika palepale jikoni. Akakamata kitambaa cheupe cha mezani, akakikandamiza kwa nguvu. Mkono wake ulikuwa na mchuzi. Alama yake ikabaki kwenye kitambaa, vidole vyote vitano, rangi ya njano.

Usiku huohuo, hospitalini, alijifungua mtoto wa kiume, Anold. Kabla hakujakucha, Tumaini alikuwa amefariki. Bibi Anna akaja kumzika, akabaki kuwalea wajukuu.

Baada ya matanga, Witness alikiona kitambaa kwenye pembe ya jiko. Akataka kumfulia mama yake, kama alivyozoea kumsaidia. Akakilowesha, akapaka sabuni. Mkono wa njano ukageuka mwekundu mbele ya macho yake. Vidole vitano vya damu.

Alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mama Goodluck, jirani wa mlango wa pili, alikitazama kitambaa akajishika mdomo.

"Hii ni damu ya marehemu," alisema. "Anamlaumu mtu humu ndani."

Hakusema kwa ubaya. Mama Goodluck ndiye aliyeleta uji kila asubuhi ya msiba. Lakini maneno yale yaliingia kwa mtoto, yakakaa.

Tangu siku hiyo Witness hakugusa sabuni. Hakula vizuri. Shuleni alikwenda siku mbili, akaacha. Na mdogo wake hakumshika hata mara moja. "Nitamtoa damu," alisema. Bibi Anna alikifunga kitambaa kwenye mfuko, kikiwa hakijasuuzwa, akakisukuma chini ya kitanda. Hakuwa na ujasiri wa kukitupa.

Asubuhi hiyo Gaudensi alikunywa chai akiwa amesimama.

"Mama," alimwambia Bibi Anna, "kesho nampeleka Witness kwenye kambi ya maombi. Iko njia ya kwenda Kilambo. Atakaa wiki tatu."

"Wiki tatu, baba?"

"Watamfungisha na kumwombea. Mimi nimeshindwa, mama. Kila nikifumba macho nauona ule mkono."

"Lakini mtoto mwenyewe hali. Mfungo ataumudu?"

Gaudensi aliweka kikombe chini, akatoka. Bibi Anna alibaki na aibu yake. Ile ilikuwa nyumba ya mkwe. Binti yake hayupo tena, yeye amri ataitoa wapi? Akaanza kuzikunja nguo za Witness na kuziweka kwenye begi. Kila nguo aliikunja mara mbili.

Saa nne hodi ikapigwa. Alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo mama," alisema. "Naitwa Shaheen. Wengi wananiita Mama Haider. Tuna duka la viungo Mikindani. Tumaini alikuwa mteja wangu, na rafiki pia. Nilikuwa Dar es Salaam na mgonjwa, nimerudi juzi ndipo nikasikia. Nisamehe nimechelewa. Pole sana."

"Tumeshapoa, mwanangu. Karibu ukae."

Shaheen alikuwa amepika kichri, wali uliochanganywa na dengu. Alimpakulia kila mtu kwa mkono wake. Bibi Anna aliona jinsi alivyopuliza sahani ya Witness kabla ya kumpa. Mtoto alichukua kijiko, kikamponyoka, na wali wa njano ukamwagikia gauni lake jeupe.

"Si neno, mwanangu," alisema Shaheen. Kwenye karo palikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Akakichukua.

"Usioshe!" Witness alipiga kelele. "Itakuwa damu! Usioshe!"

Akakimbilia nyuma ya mlango, akajikunja.

Shaheen aliduwaa, sabuni mkononi. "Damu gani, mama?"

Bibi Anna alimweleza yote. Aliona haya kusimulia, lakini hakuficha kitu. Alipomaliza, macho ya Shaheen yalikuwa yanalengwa na machozi.

"Siku hiyo alikuwa akipika nini?"

"Samaki. Sisi Mbinga tunaunga kwa nyanya na kitunguu tu. Yeye alijifunza mapishi ya huku."

"Nilimfunza mimi. Nilimpa manjano dukani kwangu."

"Manjano? Ndiyo binzari?"

"Wengine huita hivyo. Mama, ile si damu. Ni manjano yamekutana na sabuni."

Bibi Anna alitikisa kichwa. Alikuwa amezika watu wengi maishani, na maneno ya faraja aliyazoea.

"Unasema tu ili nipoe."

"Basi usiniamini," alisema Shaheen. "Na mtoto asiniamini. Tujaribu."

Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Aliomba karatasi nyeupe. Bibi Anna akachana ukurasa wa daftari la Witness. Shaheen alikoroga kijiko kimoja cha chai cha manjano kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Akachovya vipande vya karatasi, akaviweka kwenye sinia kivulini. Vilipokauka, vilikuwa vya njano tupu.

Kisha akapanga vibakuli vinne. Cha kwanza kilikuwa na maji ya chumvi. Cha pili kilikuwa na maji ya ndimu. Cha tatu kilikuwa na maji ya sabuni. Cha nne kilikuwa na maji ya jivu la mkaa.

"Witness," aliita bila kugeuka. "Sikulazimishi kugusa. Nataka jicho lako tu. Kipi kitageuza karatasi kuwa nyekundu? Kisia kwanza. Ukikosea hupigwi."

Kisha sauti ndogo ikatoka nyuma ya mlango.

"Ndimu."

"Kwa nini?"

"Ni kali."

"Umefikiri vizuri. Tuone." Shaheen alidondosha ndimu. Karatasi ikabaki ya njano. Akadondosha maji ya chumvi kwenye nyingine. Nayo ikabaki vilevile.

Witness alikuwa ametoka nyuma ya mlango. Alisimama mbali, mikono mgongoni.

"Na jivu?" Shaheen aliuliza.

"Jivu halitafanya kitu."

Tone la maji ya jivu likaanguka. Karatasi ikageuka nyekundu ya kutu, palepale. Bibi Anna alishika kifua.

"Yesu wangu! Kwani jivu lina damu?"

Witness aliikodolea macho ile karatasi. Alifikiri.

"Jivu halina damu, bibi," alisema polepole.

Tone la sabuni nalo likafanya vilevile. Shaheen alieleza kwa utulivu. "Sabuni, jivu na magadi wako ukoo mmoja. Shuleni mtaambiwa wanaitwa besi. Ndimu, ukwaju na siki ni ukoo mwingine, asidi. Manjano yakikutana na besi huwa mekundu. Yakikutana na asidi hurudi njano. Sisi bibi harusi hupakwa manjano mwili mzima. Na kila harusi haikosi mama mkwe mmoja anayefua shuka kwa sabuni, halafu anapiga mayowe mtaa mzima."

Bibi Anna alijikuta amecheka. Kicheko kile kilimshangaza mwenyewe, na mara kikageuka kilio. Alijifuta kwa upindo wa kanga.

Witness hakucheka. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Labda na damu hufanya hivyo," alisema. "Hatujui. Tujaribu damu ya kweli."

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Samaki wa mchana yupo," Bibi Anna alisema taratibu. "Sijampasua."

Walichukua damu kwenye mashavu ya yule samaki, kibua, wakapaka kwenye kipande cha kanga kuukuu. Shaheen akaweka sabuni. Damu ilififia kidogo, ikawa kahawia. Akakamulia ndimu. Haikuwa njano. Akakamulia tena. Haikuwa njano.

"Nipe mimi," alisema Witness.

Alikamua mwenyewe mara tatu. Ilibaki kahawia. Ndipo alipogeuka kwa bibi yake.

"Lete kitambaa cha mama."

Bibi Anna alikwenda chumbani. Alikivuta kitambaa chini ya kitanda, akakileta, akakifungua sakafuni. Ule mkono ulikuwa pale, mwekundu uliokauka, vidole vitano.

Wakati huohuo Gaudensi akaingia. Alikuwa ameomba ruhusa mapema ili aandae safari. Alipokiona kitambaa alirudi nyuma, akajigonga mlangoni.

"Mama! Kwa nini umekitoa?"

"Ngoja, baba," alisema Bibi Anna. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamuru mkwe wake. "Tazama tu."

Witness alipiga magoti. Alikamua ndimu kwenye kidole kidogo cha ule mkono. Tone la kwanza likanywea. Wekundu ukaanza kukimbia pembeni, taratibu, kama unaona haya. Kidole kidogo cha Tumaini kikawa cha njano.

Witness alimnyooshea baba yake kipande cha ndimu. "Bado vinne. Kisia kwanza, baba."

"Siwezi, mwanangu."

"Ukikosea hupigwi."

Gaudensi alipiga magoti kwenye sakafu, akiwa na nguo zake za kazi. Alikamua. Alikamua kidole baada ya kidole, mpaka mkono wote ukawa wa njano, rangi ya mchuzi wa samaki, kama ulivyokuwa jioni ile. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja hicho. Mabega yakaanza kutikisika.

"Baba," alisema Witness, "basi mama alikufa kwa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Kila mmoja alidhani mwenzake amemweleza.

"Alivuja damu nyingi baada ya Anold kuzaliwa. Hutokea kwa wazazi wengine. Manesi walihangaika naye, hawakukaa hata dakika moja. Ikashindikana. Wewe ulikuwa hapa, umelala."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mwanangu."

"Wala si Anold."

"Wala si Anold."

Witness alikitazama kitambaa kwa muda mrefu.

"Lakini harudi."

"Harudi," alisema baba yake.

Ndipo mtoto akalia. Alilia kilio ambacho Bibi Anna alikingoja tangu mazishini, kilio kirefu cha kuchosha mwili. Bibi Anna naye alimlilia binti yake. Sayansi ilikuwa imeiondoa damu. Haikumrudisha Tumaini, na jiko lile lilikuwa tupu vilevile. Hakuna ndimu ya jambo hilo, aliwaza.

Shaheen hakuwakataza kulia. Aliinuka, akamwaga vile vibakuli, akaviosha, akavipanga. Alimpasua yule kibua na kumtia chumvi. Anold alipoamka, alimkorogea maziwa ya kopo bila kuuliza yako wapi. Bibi Anna aliyaona yote hayo, akayaweka moyoni.

Baadaye Gaudensi aliingia chumbani. Akatoka na lile begi, akazitoa nguo moja moja.

"Kesho hatuendi," alisema. "Kuomba tutaomba hapa. Jumatatu nitakupeleka shule mimi mwenyewe. Na kwa Mama Goodluck nitakwenda kumweleza. Na yeye halali vizuri siku hizi."

Witness alikwenda kwenye karo. Alichukua ile sabuni ya mche, akasita. Kisha akanawa, viganja na kati ya vidole. Povu lilikuwa jeupe. Aliligeuza geuza, akalichunguza kama mtu anayesoma barua. Akajifuta, akaketi mkekani, akanyoosha mikono. Bibi Anna akamlaza Anold juu yake.

"Kumbe mzito," Witness alinong'ona.

Shaheen alijifunga mtandio. Mlangoni alimwelekeza Bibi Anna kwa sauti ya chini. "Kitambaa msikianike juani, mama. Jua hula manjano. Kitunzeni kabatini. Na akitaka kujaribu vitu vingine jikoni, mwacheni, ila mtu mzima awe karibu. Dawa ya kung'arisha nguo asiiguse kabisa, wala asiichanganye na kitu. Vingine tulivyotumia leo havina neno."

"Mungu akulipe, mwanangu. Sisi hatuna cha kukupa."

"Sufuria yangu nimeiacha. Mtanirudishia."

Alipovuka kizingiti, Witness alimwita. Hakuweza kusimama, maana mtoto alikuwa amesinzia kifuani pake.

"Mama Haider."

"Naam, mwanangu."

"Usingoje sufuria. Uje tena kesho. Uje na kitu ambacho hata bibi hakijui."