Kupepeta Bila Ungo

Kitu cha kwanza Kabula alichokiona ni kisigino.

Ilikuwa asubuhi, mwaka 1996, hapa Majimoto. Jirani yao Pudensiana alikuwa anapepeta mchele uani kwake. Nyanzala, mama yake Kabula, alikaa mlangoni akimtazama. Kila Pudensiana aliporusha mchele juu, kisigino cha Nyanzala kiliinuka kidogo. Mchele ukirudi kwenye ungo, kisigino kinashuka.

Kabula hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Tangu mama yake apatwe na kiharusi, nyumba ilikuwa kimya. Mkono wa kulia wa mama ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Maneno nayo yaliondoka. Alielewa kila kitu, ila alijibu "mm" tu. Kabula aliacha shule darasa la tano ili amwangalie. Wenzake walipita njiani wakicheka, naye akiwa peke yake na vyombo. Kaka yake, Maduhu, alishinda na ng'ombe. Jioni alikula, akalala.

Siku moja Maduhu alisema neno lililomkata Kabula maini.

"Mpunga ukishavunwa, nampeleka mayu Kahama kwa shangazi. Hapa anakaa tu kama mgeni."

Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Kabula aliinamia sufuria. Akibaki bila mama, atabaki na nani?

Wiki hiyo alikuja Selestine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya misheni. Alikuwa akiwatembelea wagonjwa majumbani. Alimnyoosha mama mkono, akamkunja vidole kimoja kimoja. Alipokuwa anaaga, Kabula akasema kwa sauti ndogo, "Kisigino chake kinapepeta."

"Rudia," Selestine akasema.

"Mama Damiano akipepeta mchele, kisigino cha mayu kinamfuata."

Pudensiana, ndiye mama Damiano, alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka. "Kumbe nina msaidizi na sijui."

Selestine alirudi akaketi. "Basi mama yako anapepeta kichwani, Kabula. Ubongo ndio unaoutuma mkono. Kiharusi kimeumiza ubongo. Mkono wenyewe hauna jeraha. Sasa, mtu akiwaza kwa makini kwamba anafanya kazi, sehemu nyingi za ubongo zinazoifanya kazi hiyo huamka, hata kama hajatikisa kidole. Ni kama njia ya ng'ombe. Isipopitwa, nyasi zinaifunika. Kuwaza ni kuipita taratibu, isipotee."

"Kwa hiyo akae awaze tu?" Pudensiana akauliza. "Mbona mume wangu anawaza kulima kila siku, na shamba ni pori?"

"Hapana, mama. Mazoezi ya mkono yako pale pale. Kuwaza kunayasaidia, hakuchukui nafasi yake. Na nyie majirani, mkiona mtu mdomo umempinda ghafla, au mkono umelegea, msingoje kukuche. Hospitali siku hiyo hiyo."

Kabula alishika maneno hayo. Kila siku, baada ya mazoezi, alisema, "Mayu, fumba macho. Mwone mama Damiano anavyopepeta."

Mama alifumba macho. Mkono ulilala vile vile. Mpunga mabondeni ukaanza kuwa wa manjano, na Maduhu akaanza kuuliza habari za magari ya Kahama.

Selestine aliporudi, Kabula alimweleza.

"Hapo ndipo mnapokosea," Selestine akasema. "Anamtazama jirani. Yeye mwenyewe hapepeti. Hebu fumba macho wewe. Jione umejitwika ndoo ya maji."

Kabula alifumba macho, akamwona msichana mwembamba akija kwa mbali kutoka kisimani.

"Sasa usimtazame huyo msichana. Kuwa yeye. Ndoo iko utosini. Nzito. Maji yanachezacheza."

Kabula alisikia ubaridi wa tone likimshuka mgongoni.

"Tazameni shingo," Pudensiana akasema kutoka mlangoni. "Imenyooka kama ya bibi harusi."

"Umeona?" Selestine akamwambia Kabula. "Kuona kunasaidia. Lakini asiishie kuona. Ahisi uzito, kwenye mikono yake mwenyewe."

Alipoondoka, Kabula alitoa ungo wa mama uliokuwa umening'inia ukutani siku zote hizo. Akamwekea mapajani aupapase, kisha akauondoa.

"Mayu, huu ni ungo wako. Umejaa. Mkono wa kulia umeshika ukingo. Pumba zinakuingia puani. Rusha."

Mama alikunja uso. Mabega yakasogea kidogo. Kabula naye alifumba macho, akarusha wa kwake. Walipepeta hivyo, wawili, bila ungo na bila neno. Ilikuwa kazi ya kwanza kufanya pamoja tangu mama augue.

Mkono haukuamka kwa siku moja. Kwanza kidole gumba kilijibu. Baadaye vidole vilishika kikombe kitupu. Kuna siku havikushika chochote, na mama alilia. Kesho yake walianza tena.

Mpunga ulivunwa. Mchana mmoja Maduhu alirudi kuzungumza habari ya safari. Alimkuta mama yake na ungo wa kweli, umetiwa mchele kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa unarusha. Wa kulia ulishika ukingo, unatetemeka, lakini umeshika. Nusu ya mchele ilimwagika chini na kuku wakakimbilia.

Maduhu aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Mayu, unalisha kuku," akasema.

Mama akacheka kwa mdomo wake uliopinda upande.

Maduhu alifukuza kuku. "Kahama ni mbali," akasema, bila kumtazama mtu. "Selestine hafiki kule. Basi, abaki."

Akaenda zake kwenye ng'ombe. Kabula alipiga magoti akaokota mchele, punje kwa punje, hadi akafika miguuni pa mama yake. Kisigino kilikuwa bado kinainuka na kushuka. Akakishika.

"Mayu," akasema, "nilikuwa nakukumbuka. Ulikuwa umekaa hapa hapa, na mimi nilikuwa nakukumbuka."