Chakula Kilichosahaulika Juani

Kila Jumamosi Garam aliamshwa na harufu ya mafuta ya ufuta. Mama yake alikuwa na duka dogo la chakula mbele ya lango la chuo kikuu, jijini Daegu, nao waliishi ghorofani, juu ya duka hilo. Garam alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku za Jumamosi aliosha mchicha, akamenya karoti, na mara nyingi alisinzia huku kisu kikiwa mkononi mpaka Mama ampigie kelele.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa Juni hakusinzia. Chuo kilikuwa kinawaenzi wanawake wake, waliosoma pale na waliofundisha pale, tangu enzi ambazo binti aliyetaka masomo ya juu aliambiwa anataka kukosa mume. Picha zao kubwa zilikuwa zimetundikwa ukumbini. Mmoja alikuwa jaji, mwingine alijenga madaraja, mwingine alitunga kamusi. Wengi walikuwa wazee sasa, na walitarajiwa kufika wenyewe. Mama alikuwa amepewa kazi ya kuwapikia gimbap, ule wali unaoviringishwa ndani ya mwani pamoja na yai na mboga. Garam naye alikuwa amechaguliwa na shule yake kumtambulisha jukwaani Profesa Tak Myeong-ok, mtaalamu wa vijidudu vinavyoharibu chakula.

Masanduku yalipojaa, Mama aliyapanga kwenye toroli na kuyafunika kwa turubai jeusi.

"Garam, nisikilize. Yapeleke moja kwa moja kwenye chumba cha baridi, chini ya ukumbi. Usisimame popote. Yai na joto hili havipatani."

"Sawa, Mama."

"Sawa ya mdomo au ya masikio?"

"Ya masikio, Mama!"

Alilisukuma toroli mpaka nyuma ya ukumbi. Hapo alikutana na Solbi, rafiki yake wa darasani, aliyekuwa amechaguliwa kuwapa wageni maua.

"Wewe nyota, uko wapi? Mazoezi yameanza! Bi Pyo anakutafuta utadhani umemwibia pochi."

Bi Pyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa sherehe.

"Ngoja nishushe haya masanduku kwanza."

"Utayashusha ukirudi. Kwani yataota miguu?"

Garam alisita. Kisha akaliegemeza toroli ukutani, palipokuwa na kivuli, akakimbia.

Mazoezi hayakwenda vizuri. Kipaza sauti kilikoroma. Vazi la Garam lilikuwa refu, ikabidi lishonwe upya akiwa amelivaa. Bi Pyo alimrudisha mwanzo kila alipokosea neno moja. Garam alipolikumbuka toroli, jua lilikuwa utosini. Alishuka ngazi mbiombio, Solbi akimfuata. Kivuli kilikuwa kimehama zamani. Turubai lilimchoma vidole, na masanduku yalikuwa na joto kama tumbo la paka aliyelala juani.

Alifungua sanduku moja, akanusa. Lilinukia ufuta tu, kama kawaida. Solbi alichukua vipande viwili, akavitia mdomoni.

"Vitamu! Ona, sijafa."

"Inabidi nimwambie Mama."

"Umwambie nini? Chakula chote kitatupwa, na wageni wanakuja sasa hivi. Mama yako apike kingine kwa uchawi? Tuyaingize baridini yapoe. Nani atajua?"

Garam alimfikiria Mama, aliyekuwa amesimama jikoni tangu kabla ya alfajiri. Akakosa nguvu ya kubisha. Wakayabeba masanduku pamoja, wakayapanga kwenye chumba cha baridi.

Baadaye Mama alikuja kuyachukua. Alipoyagusa, akatabasamu. "Baridi tii. Mwanangu, leo umenitua mzigo."

Garam aliinama, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wazee walisimama mbele ya picha zao za ujana, wengine wakicheka, wengine wakijifuta macho. "Tazama nywele zangu!" alisema yule mjenzi wa madaraja. "Zilikuwa nyingi kuliko akili." Kila jina lilipotajwa watu walipiga makofi, na kila makofi yalipokoma Garam alijua zamu yake imekaribia. Milango ya nyuma ilikuwa wazi. Kutoka jukwaani aliweza kumwona Mama kule nje, akipanga masanduku mezani.

"Na sasa," alitangaza Bi Pyo, "tumkaribishe mwanafunzi wetu, Noh Garam."

Profesa Tak alikuwa ameketi mstari wa mbele, mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, fimbo magotini. Juma lililopita Garam alikwenda nyumbani kwake kumsikiliza, na kila alichosimuliwa alikiandika kwenye hotuba. Akaanza kusoma.

"Profesa Tak alipokuwa kijana, watoto waliokuwa kwenye kambi moja ya sikukuu walianza kutapika wote kwa pamoja. Wengi walilaumu maji. Yeye alikichunguza chakula. Aligundua kuwa kilikaa kwenye joto muda mrefu, kisha kikapozwa ili kionekane kizuri. Wakubwa wake walimtaka anyamaze mpaka sikukuu ipite. Alikataa. Alisimama mbele yao, akasema ukweli."

Watu walipiga makofi. Garam aliitazama sentensi iliyofuata. Aliijua kwa moyo, lakini leo ilimtazama kama mtu anayemjua. *Mpishi alijua, ila aliona aibu kusema, na mtoto mmoja hakupona.*

Hakuisoma. Watu wakasubiri.

"Soma!" Solbi alimnong'oneza kutoka nyuma ya pazia. Bi Pyo naye alimhimiza kwa mkono.

Garam aliinua macho. Kule nje, mtoto mdogo, mjukuu wa mgeni mmoja, alikuwa akimvuta Mama aproni. Mama aliinama, akafungua sanduku, akampa kipande kimoja huku akicheka. Mtoto akakipeleka mdomoni.

"Asile!" Garam alipiga yowe, na kipaza sauti kikalirusha ukumbi mzima. "Mama, mnyang'anye! Asile!"

Mama alishtuka, akakidaka kile kipande midomoni mwa mtoto. Watu wote waligeuka.

"Kimesahaulika juani," Garam alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyekisahau. Tangu asubuhi. Kisha nikakificha kwenye baridi ili Mama asijue. Hakujua chochote. Tafadhali, msile."

"Zimeni hicho kipaza sauti," alisema Bi Pyo, uso umemwiva.

"Kiacheni," alisema Profesa Tak. Aliinuka taratibu, akalisogelea jukwaa. "Binti, nijibu vizuri. Kilikuwa kimefunikwa?"

"Kwa turubai jeusi, Profesa."

"Ulipokigusa kilikuwaje?"

"Cha moto. Vuguvugu."

"Kuna mtu aliyekionja?"

Garam alitupia jicho pazia. Pazia likatikisika, Solbi akatoka, maua bado mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka kama karatasi.

"Mimi, Bibi," alisema. "Na mimi ndiye niliyemwambia afiche. Na... tumbo langu..." Hakumaliza. Alijikunja, akatapika pale pale, juu ya maua.

Ukumbi ulivurugika. Profesa Tak alimlaza Solbi ubavu, akaagiza gari la wagonjwa liitwe, kisha akawageukia wageni. "Ndugu zangu, leo hatuli. Na mtu asiniambie tupashe moto. Sumu hii haiogopi moto."

Mama aliingia ukumbini polepole. Alimpita Garam bila kumtazama, akasimama mbele ya wageni, akainama kwa heshima mpaka kichwa kikafika kiunoni. "Chakula kimetoka jikoni kwangu. Nisameheni," alisema. Akatoka, akaanza kufunga sanduku moja baada ya jingine. Mjenzi wa madaraja akamfuata, akakunja mikono ya gauni lake la hariri.

"Mama Garam, umebakiwa na tambi jikoni?"

"Zipo, lakini ni kavu tu..."

"Basi tukachemshe. Nimejenga madaraja kumi na moja, sufuria litanishinda?"

Wageni walivuka barabara, wakala tambi za moto na matikitimaji, wengine wakiwa wamesimama kando ya njia. Garam alikuwa hospitalini, nje ya chumba cha Solbi, akisubiri. Jioni daktari alitoka, akasema Solbi ataamka salama kesho yake. Hapo ndipo Garam alipoweza kuvuta pumzi.

Garam aliporudi nyumbani, Mama alivua aproni, akaketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Mama. Ulikuwa umechoka sana."

"Nimechoka, ndiyo. Uchovu huisha mtu akilala. Lakini yule mtoto angedhurika kwa mkono wangu, ningelala tena lini?"

Garam alikilaza kichwa magotini pa Mama, na baada ya kitambo mkono wa Mama ukaja kutulia juu ya nywele zake.

Juma lililofuata wateja walikuwa wachache dukani. Siku ya nne Profesa Tak aliwaita Garam, Mama na Solbi kwenye maabara yake ya zamani chuoni. Aliwaonyesha visahani viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa kitupu, cha kulinganishia. Kingine kilijaa vitone vya manjano, vimesongamana kama mchele uliomwagika.

"Hivi ni vijidudu vilivyotoka kwenye gimbap ya sherehe," alisema.

"Lakini haikunuka," alisema Solbi. "Na ilikuwa tamu!"

"Sumu ya vijidudu hivi hainuki, na utamu hauiondoi. Ndiyo maana hatutumii pua kuamua. Chakula chenye yai au nyama kikikaa kwenye joto kwa saa nyingi, kitupeni. Baridi huvilaza vijidudu tu, haiiondoi sumu vilivyokwisha kuimwaga."

Kisha akamtazama Garam. "Sitakusifu tu. Ungesema adhuhuri, mama yako angepata nafasi ya kupika kingine, na rafiki yako angewahi kutibiwa. Ukweli uliocheleweshwa hugharimu, na hugharimu wasiokuwa na kosa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Profesa."

"Vizuri. Sasa sikia na hili. Watu wananiita shujaa kwa sababu nilisimama mbele ya wakubwa. Mimi nilikuwa nasema kosa la mtu mwingine. Wewe umesema la kwako, mbele ya mama yako, na mtoto mmoja amelala nyumbani kwao mzima. Kosa haliwi dogo kwa kufichwa, wanangu. Hukua kama hivi vidudu, gizani, bila harufu. Anayekosea na aseme mara moja, hata kama sauti inatetemeka."

Mama alikitazama kile kisahani. Kisha akamshika Garam mkono, akaushika na wa Solbi.

"Twendeni dukani," alisema. "Mchicha haujaoshwa, na leo mtaosha wote wawili."