Aliyeketi Kiti cha Abiria

Kiti kilikuwa kimelowa.

Gachau alikipapasa tena kwa kiganja, kisha akanusa vidole. Hayakuwa mafuta wala maji ya betri. Yalikuwa maji yaliyolala siku nyingi, yenye harufu ya tope na majani yaliyooza. Akainua macho kutazama mabati ya banda. Hayakuwa na tundu hata moja, na huku Kamenu mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Akakausha kiti kwa kitambaa, akaendelea kupiga msasa mlango. Kesho yake asubuhi kiti kilikuwa kimelowa tena, na safari hii maji yalikuwa yameacha umbo: mapaja mawili na mgongo.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ya mwaka wa sabini na tatu, ya milango miwili, boneti ndefu na paa lililoteremka nyuma kama mgongo wa chui anayenyatia. Gachau alikuwa amefanya kazi ya kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, miaka thelathini katika kiwanda kimoja cha Thika, na bintiye wa pekee, Ngendo, alikuwa amerithi mikono yake. Waliliona pamoja nyuma ya Witeithie, kando ya timbo la mawe lililoachwa mpaka likajaa maji. Gari lilikuwa limepandishwa juu ya mawe manne, ukingoni kabisa. Mwenye shamba aliwaambia walichukue tu, hata asante hakutaka.

"Baba, nani hupeana gari kama hili bure?" Ngendo aliuliza huku akicheka, naye Gachau akamwambia asiulize baraka ilikotoka.

Walilifanyia kazi miaka miwili, kila Jumamosi. Kisha Ngendo akaanza kutokwa na damu puani, na ndani ya wiki tisa ugonjwa wa damu ukammaliza. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa amepewa jina la mama yake Gachau, ndiyo maana tangu akiwa mchanga baba yake hakumwita kwa jina lingine ila "mami". Siku ile ya maziko, ni kama Gachau alimzika mama na mtoto kwa mara moja.

Banda lilifungwa kufuli miezi saba. Alipolifungua, alimwambia mkewe Emmaculate neno moja tu: "Nitalimaliza."

Siku ya nne tangu afungue banda alikuwa ameiinamia injini, akitafuta sababu ya cheche kutofika, aliposikia sauti kutoka ndani ya gari, sauti ya chini, kama ya mtu anayesoma kitu alichokipakata.

"Plagi ya tatu, Baba. Imepasuka."

Spana ilimtoka mkononi. Alisimama hivyo hivyo, kichwa chini ya boneti. Mwishowe akaifungua plagi ya tatu, akaigeuza kwenye mwanga. Kaure yake nyeupe ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Mami?"

"Niko hapa, Baba."

Hakutazama. Alijua akitazama ataona kiti kitupu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya oili, akalia kama ambavyo hakulia kaburini.

Tangu siku hiyo hakumwambia mtu. Sauti ilijua kila kitu: gasketi iliyovuja, kabureta ya pili iliyoziba, nati iliyoanguka ndani ya fremu ya gari miaka mingi iliyopita. Walifanya kazi kama zamani. Gachau alianza kulia chakula bandani, kisha akaanza kutokula. Vidole vyake vilikunjamana kama vya mtu anayefua kutwa nzima, na alipokohoa mdomo ulijaa ladha ya tope. Hakujali. Mtu aliyerudishiwa mwanawe atalalamikia kikohozi?

Jumamosi moja jioni, jua likiwa bado kwenye mabati, alisikia chupa ya chai ikianguka mlangoni. Emmaculate alikuwa amesimama pale, mikono hewani.

"Baba Ngendo," alinong'ona, "unaongea na nani?"

"Umesikia?"

"Nimesikia mtoto wangu akicheka."

Alimpita mumewe mbio, akafungua mlango wa gari, akaingiza kichwa. "Ngendo! Ni mimi, ni Mama! Niongeleshe, mama yangu, hata neno moja!"

Tone moja la maji lilianguka kutoka ukingo wa kiti. Emmaculate aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akaketi chini, chai ikimlowesha sketi.

"Mimi ndiye nilimzaa," alisema. "Mbona anaongea na wewe tu?"

Gachau aliinama akaokota chupa ya chai. Na lililomwaibisha baadaye, kuliko yote, ni kwamba moyoni alifurahi kidogo kuwa amechaguliwa yeye.

Gari lilipobakiza viti, walimwita Mzee Salehe, fundi wa kushona viti vya magari mwenye karakana yake Gitothua, kule Ruiru. Alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Thika, mtu wa maneno machache, na watu wa dini zote walimwita pia kusoma dua panapokuwa na jambo. Siku hiyo aliitwa kwa viti tu. Alipima cha dereva, akaandika. Alipoweka futi kwenye cha abiria, mkono wake uliruka kana kwamba umegusa waya wa stima.

"Audhubillahi," alisema, akarudi nyuma hatua mbili. "Bwana Gachau, hapa pana mtu."

"Ni binti yangu."

Salehe alimtazama kwa huruma. "Gari hili mlilitoa wapi?"

"Kwenye timbo," Emmaculate akajibu haraka. "Huko Witeithie, karibu na maji."

"Mama, huyu si binti yenu. Jini wa mahali kama pale hana sauti yake. Anaazima, na huazima ile ambayo mtu hawezi kuikataa. Hataki gari. Anataka gari liwake, halafu apelekwe kwao majini, na asiende peke yake."

"Toka kwangu," Gachau alisema. Aliokota spana. "Toka, mzee, kabla sijakosea."

Salehe alikusanya futi na daftari. Getini alimwachia Emmaculate namba yake ya simu.

Injini iliwaka Jumapili iliyofuata, saa tano asubuhi, mtaa mzima ukiwa kanisani. Iliwaka mara moja, kwa mngurumo mzito uliotikisa mabati, na Gachau, akiwa kwenye kiti cha dereva, alicheka kwa sauti huku machozi yakimtiririka. Hapo ndipo Emmaculate alipoingia na Biblia yake kwapani. Alikuwa ametoka ibadani katikati ya mahubiri, bila kujua kilichomvuta.

"Mama," sauti ikaita. "Ingia twende."

Biblia ilianguka. Emmaculate alikimbilia mlango wa abiria. Kwa kuwa gari lilikuwa la milango miwili, mtu wa nyuma hana njia ila kukunja kiti cha mbele. Akavuta kishikio, akasukuma. Kiti hakikukunjika. Akasukuma kwa mikono yote miwili, kwa uzito wa mwili wake wote, kisha ghafla akaacha. Alirudi nyuma polepole, akivitazama viganja vyake vilivyochuruzika maji.

"Nimeshika bega," alisema kwa sauti ndogo. "Woi, Ngai wakwa, Mungu wangu. Baba Ngendo, nimeshika bega, ni baridi. Toka. Nakuomba, toka."

"Twende, Baba," sauti ikasema kwa upole. "Mama atatufuata."

Gachau akaingiza gia.

Mwanzoni alidhani anaendesha yeye. Walipita maduka ya Kamenu, wakashika barabara kubwa, gari likiteleza kama jipya, naye akatabasamu na kusema mami, sikia inavyonguruma. Lakini karibu na Witeithie alitaka kupunguza mwendo, akakanyaga breki, breki ikazama mpaka chini bila kushika kitu, akaondoa mguu kwenye mafuta na mwendo haukupungua, akaona gia ikijisogeza yenyewe chini ya kiganja chake kama kitu chenye mifupa, steringi ikakata kushoto kwenye njia ya vumbi asiyoichagua, na ile harufu ya maji yaliyolala ikajaa humo ndani mpaka akawa anavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi mbichi, na pembeni mwa jicho lake, pale ambapo siku zote hakuthubutu kutazama, palikuwa na kitu kirefu, kikubwa mno kuwa Ngendo, kimeinamisha kichwa kwa sababu paa lilikuwa fupi.

Gari lilisimama ukingoni mwa timbo, magurudumu ya mbele nusu hewani. Chini, maji yalikuwa meusi na matulivu.

"Fungua mlango," Gachau alisema. Wake ulikataa.

"Tumngoje Mama," sauti ikamjibu.

Wakangoja. Haukupita muda, pikipiki ikaja kwa vumbi, Emmaculate akashuka kabla haijasimama. Nyuma yake ilikuwa pikapu ya Mzee Salehe. Simu ya Emmaculate ilikuwa imemkuta akiwa Juja akipeleka viti. Mlango wa abiria ukajifungua wenyewe, polepole, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Mama," sauti ikaita. "Mama, nisaidie, nazama."

Gachau aliuona uso wa mkewe. Aliona kwamba anajua. Anajua kabisa ni nini kinachomwita, na bado anakuja. Miguu yake ilikuwa inakuja. Angeingia. Hakuna mama ambaye asingeingia.

"Emma, usiingie!" alipiga kelele.

Salehe alikuwa amemshika Emmaculate kiunoni kwa mkono mmoja. Mwingine aliuweka juu ya buti la gari, akisoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyopanda kila neno, jasho likimtoka. Emmaculate alikuwa akilia jina la Yesu. Gari lilitikisika, likasogea mbele inchi moja.

"Bwana Gachau!" Salehe aliita. "Mimi nasoma, lakini wewe ndiye uliyemkaribisha. Mkane kwa kinywa chako!"

"Baba, usifanye hivyo." Sasa ilikuwa inalia. Ilikuwa inalia kama Ngendo mwenye miaka sita, kama Ngendo wa hospitalini. "Baba, unanitupa? Ni mimi. Ni mami."

Gachau alifumba macho.

"Wewe si mtoto wangu," alisema. "Mtoto wangu alikufa. Nilimzika kwa mikono hii. Toka."

Pumzi baridi ikamsogelea sikioni, ikanong'ona. Ilikuwa sentensi fupi tu. Kisha mlango wake ukaachia, akaanguka kwenye mawe, na Datsun ikateremka peke yake, bila haraka, taa zake ambazo hazikuwa na balbu zikiwaka manjano mpaka maji yalipozifunika.

Kikohozi kilikwisha baada ya siku tatu. Banda walilibomoa. Emmaculate alirudi kwenye kazi yake ya ualimu aliyoiacha tangu maziko, na jioni huketi na mumewe wakinywa chai bila maneno mengi.

Mara moja alimuuliza: "Kile kitu kilikuambia nini mwishoni? Niliona midomo yako ikitetemeka."

"Hakuna," Gachau akajibu. "Kilipiga kelele tu."

Wiki iliyofuata alipanda gari hadi Gitothua, akamkuta Salehe akishona.

"Mzee, jini anaweza kujua neno ambalo mtu aliambiwa hospitalini, alfajiri, wakiwa wawili tu?"

Salehe aliacha cherehani. Alikata uzi, akauzungusha kidoleni. "Mungu ndiye ajuaye," alisema hatimaye, na hakumtazama machoni.

Kwa maana alfajiri ile ya mwisho, Emmaculate akiwa ametoka kwenda kutafuta maji ya moto, Ngendo alikuwa amemvuta baba yake shingoni, akamwekea mdomo sikioni. Na kule timboni Gachau alisikia maneno yale yale, kwa pumzi ile ile, na kwa kigugumizi kile kile katikati.

"Baba, naogopa. Usi... usimwambie Mama."