Aliyekula Nyumba ya Jini

Kichuguu ukikibomoa leo, kesho asubuhi mchwa wamekwisha kukiziba. Hilo Bariadi nzima hata mtoto analijua. Lakini kile cha pembeni mwa shamba la pamba la Mashimba kilikaa wazi siku tatu, palepale alipomega mkewe Esteria, na hakuonekana mchwa hata mmoja wa kusingizia.

Esteria hakujali. Mimba ya miezi saba ilikuwa imempa uchu wa udongo ambao haujapata kuonekana kutoka hapa mpaka Mwanhuzi. Wenzake humung'unya kipande cha ukubwa wa kidole. Yeye alisomba kwa karai. Siku ya nne udongo ukawa na uvuguvugu, kama ugali uliofunikwa. Akala hivyohivyo. Siku ya tano jasho lake likaanza kunuka dawa ya pamba, na mchana kweupe, akichambua mlenda, akasikia tumboni: kru, kru, kru.

Halikuwa teke. Mateke anayajua, hii ni mimba ya tatu. Ilikuwa sauti ya mtu anayekwangua ukuta.

"Mayu," alimwita mama mkwe wake kwa sauti ndogo, "hebu weka sikio hapa."

Bibi Justina akaweka sikio, akaliondoa kama aliyegusa chungu cha moto. "Umekula nini, mwanangu?"

"Udongo tu. Wa kichuguu cha shambani."

Mashimba alikuwa anaosha bomba la kupulizia. Akaacha. "Kile kikubwa? Esteria! Si ndicho ninachomwagia mabaki ya dawa, ili mchwa wafe?"

"Na hukusema?"

"Ningejuaje kwamba mke wangu anakula shamba?"

Kwenye zahanati, nesi aliinama na chombo chake cha kusikilizia, akakihamisha mara tatu. "Mapigo yapo," alisema, "ila ya mbali. Kama mtoto yuko chumba cha pili." Kisha akawagombeza wote wawili: sumu ile hupita kwenye damu ya mama mpaka kwa mtoto, ikamdumaza kabla hajaona jua, na baba asithubutu kuingia ndani na nguo za kupulizia. Udongo, marufuku.

Marufuku kwa Esteria ilihitaji kufuli. Bibi Justina alimfungia chumbani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge, chakula kikawa kinapita dirishani. Hapo ndipo walipojimaliza. Maana nyumba ile Mashimba aliijenga mwaka alipooa, na kama mtu yeyote mwenye akili alifyatua tofali zake kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa ni mgumu. Kichuguu kipi? Hichohicho. Nusu aliifyatua, nusu aliibakiza.

Mchana wa pili mvua ilikuwa ikipiga bati, na Esteria, aliyekuwa amelala ubavu akihesabu mapigo ya moyo wake ili asifikirie udongo, akasikia kru ya tumboni ikijibiwa na kru ya ukutani, kisha ya ukuta wa pili, kisha ya kichwani pake, na kuta zikaanza kutoa jasho lenye harufu ya dawa, na chumba kikamsogelea taratibu kama ng'ombe wanavyomsogelea mtu mwenye chumvi, mpaka akagundua kwamba amesimama, amekumbatia ukuta, na ulimi wake uko juu ya tofali.

"Mayu, fungua!"

"Sifungui, utakula!"

"Mimi ndiye ninayeliwa!"

Akaletwa mfumu Anatoli kutoka Nyalikungu kwa pikipiki, mganga ambaye aliwahi kumtoa jini kwenye mashine ya kukoboa, na jini akaomba radhi. Alichoma mizizi yake, akanong'ona: "Uliye humo, toka."

Sauti ilitoka kinywani mwa Esteria na ukutani kwa pamoja. "Nusu ya nyumba yangu mmeifyatua, nusu mmeila. Nitoke niende wapi?"

"Tutakujengea nyingine."

"Basi natoka. Lakini huku kukwangua mnakosikia, mnadhani namla mtoto? Naziba. Sumu yenu inapenya kila upande humu, kama mvua kwenye paa bovu. Nikitoka, mtaziba nyie."

Mashimba alimgeukia mganga. "Itoe na sumu basi, mzee."

"Jini ana masikio, bwana," alisema Anatoli kwa sauti ya chini, huku akikusanya vibuyu vyake. "Sumu haina. Nitaiambia nini?"

Wakabaki wanamtazama Esteria. Alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Ukikaa," aliuliza, "utatoka lini?"

"Mtoto akitoka."

"Utamwachia mwili wake?"

Ukutani pakakwangua, kru moja. "Hilo tutaona."

Esteria akafumba macho. "Kaa," akasema.

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, kilo mbili kasoro, amepakwa gamba la udongo mwili mzima kama aliyesiribwa. Mkunga alimwosha maji matatu. Chini ya gamba kulikuwa na ngozi laini, vidole vyote, na sauti: alilia mpaka wodi ya pili wakacheka. Mashimba naye alilia, bila aibu.

Esteria alipowekewa mtoto kifuani, alisubiri mkunga aende. Akainamia sikio dogo.

"Umeshatoka?" akanong'ona.

Mtoto akanyamaza palepale, kama mtu aliyesikia anaitwa.