Mkwe Si Mtani

Treni ya Kigoma ndiyo kwanza ilikuwa imesimama, na stesheni ya Tabora ilijaa mabegi, kelele na kuku waliofungwa miguu. Zamda, gauni la kijani na ushungi mweupe, alibeba ndoo ya asali nyuma ya baba yake. Mzee Masolwa alichechemea dirisha hadi dirisha katika koti lake jeusi, akinadi: "Onja kwanza, ukatae baadaye!"

"Mzee, unauza asali au unauza mguu?" alidakia kijana mmoja mwenye kamera begani.

"Wewe kabila gani?"

"Mzaramo. Ila nimezaliwa hapa hapa."

Mzee aliangua kicheko. "Kumbe mtani wangu! Babu zangu Wanyamwezi walifika kwenu kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, wakawakuta mmelala. Hata leo hamjaamka!"

Kijana, Uwesu jina lake, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akachovya kidole, akalamba, macho kwa Zamda.

"Nimeonja. Sasa kukataa nashindwa."

"Tazama asali, usimtazame muuzaji," Zamda alijibu, akageuka asionekane anatabasamu.

Haikupita wiki, simu zikaanza.

"Umekula, asali wangu?"

"Nimekula. Na uache kuniita kama ndoo."

Uwesu alipiga video za harusi, na pembeni alikuwa akitengeneza filamu ya vichekesho, yeye mwenyewe akiigiza muuza asali mwenye mguu mbovu. Mzee Masolwa alipoonyeshwa kipande kwenye simu, alijipiga paja kwa kucheka. Mtani hakasirikiwi.

Kisha Uwesu akapeleka posa nyumbani kwa kina Zamda, Kwihara, ikapokelewa. Hapo mambo yakageuka. Yule aliyezoea kumwita mzee "mguu wa kuazima" sasa alichutama mlangoni, macho chini, akasema shikamoo. Mkwe hamtanii baba wa mke. Hilo kila mtu alilijua, na Uwesu alilijua. Lakini filamu ilikuwa tayari, naye akaitoa.

Iliitwa *Mzee Onja*. Walioipenda wakaanza kujirekodi wenyewe: wanafunzi wa Nzega wakichechemea mstarini, bibi harusi fulani akichechemea ukumbini na shela lake. Mwisho mtu akamgundua mzee stesheni, akamwelekezea simu usoni. "Huyu ndiye mwenyewe! Mzee, chechemea tena!" Tangu siku hiyo watoto walimfuata kila apitapo. Mzee Masolwa akatundika koti msumarini, asirudi tena stesheni.

"Baba, wanakupenda," Zamda alijaribu.

"Mtani ananitania usoni, nami namjibu. Hawa nitawajibu wapi?"

Zamda alimpigia Uwesu simu.

"Uwesu, ifute."

"Mpenzi, hata nikiifuta, video za watu zimeshasambaa. Na mzee mwenyewe alicheka!"

"Alimchekea mtani. Aliyeitoa ni mkwe. Ulikuwa hujui?"

"Nilijua," Uwesu alisema. "Nilitaka kwanza watu wanijue."

"Basi wamekujua."

Akakata, na hakupokea tena simu yake.

Mzee alifariki masika, kwa kifua. Hakuna aliyesema ni filamu iliyomuua. Lakini Zamda hakuwa amemsikia akicheka tena. Asubuhi ya mazishi simu ililia, naye akapokea.

"Pole, Zamda. Niko njiani. Nije kama nani?"

Alielewa swali. Akija kama mkwe, angekaa kimya na wanaume, na msiba ukiisha ndoa ingezungumzwa. Mtani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza mbele ya waliao, ili marehemu asiondoke na machozi matupu. Kwa mtu mmoja, hayo mawili hayakai pamoja.

"Baba hana mtani mwingine hapa," alisema.

"Unajua unachosema?"

"Koti liko msumarini, Uwesu."

Alikuja, akalivaa. Jeneza lilipoinuliwa, alichechemea uwanjani akinadi, "Onja kwanza, ukatae baadaye!" kisha akajilaza kuziba njia. "Hatoki mtu! Masolwa, babu zako walitembea hadi pwani, wewe unabebwa? Aibu, Mnyamwezi kubebwa!"

Kicheko kililipuka katikati ya kilio. Kijana mmoja akainua simu.

"Shusha!" Uwesu alifoka, bado amelala chini. "Huu ni utani wetu, mimi na yeye."

Zamda alicheka, kiganja mdomoni, machozi yakipita katikati ya vidole.

Waliporudi kuzika, Uwesu alimkabidhi koti likiwa limekunjwa.

"Nikupigie?"

"Tukikutana stesheni, nitanie," Zamda alisema. "Nitakujibu."

Uwesu aliitikia kwa kichwa, akavuka uwanja, miguu yake yote miwili mizima. Zamda alimsindikiza kwa macho, koti kifuani, akingoja achechemee hata hatua moja. Hakuchechemea.